Dakika ya Kumi na Saba

Inawaka vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi.
Mvuto mmoja wa kamba na inanguruma
hadi kuku wa Kageha wanahama ua,
msumeno unaingia kwenye gogo la mkaratusi
kama uzi kwenye ugali wa moto,
ubao wa kwanza unalala, mwekundu, umelowa,
ubao wa pili,
kisha katikati ya wa tatu sauti inashuka,
inashuka tena,
kama shahidi aliyesahau neno katikati ya kiapo,
na bendi inasimama ndani ya mti, imeng'atwa.

Dakika kumi na saba. Nimezihesabu kwa simu
juzi, jana, na leo tena.

Adagala amekuja Serem kwa miguu,
spana zake ndani ya soksi ya mpira.
Hasalimii injini. Ananiuliza mimi:
"Inakufa ikiwa imebeba, au ikiwa bure?"
Ikiwa imebeba.
"Moshi?"
Hakuna moshi.
"Ukiipumzisha?"
Inaamka kana kwamba hatukugombana.

Anatoa chujio la hewa, analipiga gotini,
unga wa mbao unamrukia nyusi.
Anachomoa plagi, anaigeuza juani
kama daktari atazamavyo ulimi wa mtoto:
imekauka, imepauka.
"Hii si ugonjwa," anasema. "Hii ni njaa."

Njaa! Na tangi limejaa
bonasi yangu yote ya majani chai.

Tunaifungua kabureta juu ya sinia la Kageha,
boya, sindano, kitundu
anachokipuliza kwa mdomo kisha anatema.
Tunanusa petroli, huenda ina maji.
Tunakaza mkanda. Tunavisha bendi mpya.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Sitaki kusema.

Kageha amekalia kisiki. Hanung'uniki,
na afadhali angenung'unika.
Mabati yake yameegemea ukuta tangu Jumatatu,
na mawingu ya saa nane yanapanda kutoka upande wa ziwa
bila kuchelewa, kama karani wa zamani.

Ni Mmbone, bintiye, aliyedhani mafuta yamekwisha.
Injini ikikata roho, akaja na mtungi,
akazungusha kifuniko cha tangi.

Fyuuu.

Kama mtu aliyezuia kilio msibani kutwa nzima
kisha akafika kwake, akafunga mlango.

Na injini, hakuna aliyeigusa,
ikainua kichwa, ikapanda, ikapanda,
ubao wa tatu ukamalizika wenyewe.

Adagala anakipindua kifuniko.
Kuna tundu pale, dogo kuliko dengu:
"Tangi likitoa mafuta lazima livute hewa.
Lisipovuta, linayashika."
Anakwangua kwa ukucha kitu cheupe.
Ananusa.
Ananitazama.

Sabuni ya kipande.

Nilikuwa kwenye pikapu, tukitoka Kapsabet,
barabara inaruka, petroli inatoka tone, tone,
na kila tone na bei yake.
Nikamega sabuni, nikaikandamiza kwa gumba,
nikajiita fundi.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Changu kilikuwa juu ya tangi, kinanukia limau.

Adagala anacheka hadi anakaa chini.
Anadai mia tatu
na maganda ya gogo ya kumpikia nyanyake.
Mvua inatukuta kwenye ubao wa kumi na nne,
hatusimami, maji yanachemka juu ya ekzosi,
Mmbone anasukuma, mimi navuta,
na Kageha hatimaye anapiga kelele, "Kata! Kata!"
kana kwamba mti utabadili nia.

Usiku naoga.
Sabuni ni ile ile,
kona yake moja haipo.